Kabla ya kuikubali kodi ya mabasi, omba ratiba

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Halmashauri ya mji wetu inataka kuanzisha kodi ndogo kwa ajili ya usafiri wa umma. Itaongezwa kwenye bei ya vitu tunavyonunua, na wanasema fedha zote zitakwenda kwenye mabasi. Mimi nina gari langu dogo, mabasi napanda mara chache. Anayeyategemea ni mama mkwe wangu: anakwenda kliniki kila mwezi na magoti yanamsumbua. Jirani yangu anasema kodi hii itawaumiza maskini wale wale inaodai kuwasaidia, na moyoni naona ana hoja. Wiki tatu zijazo kuna mkutano wa wananchi na nimeombwa nizungumze. Niunge mkono au nipinge?"

Dada yangu, kazi ni njema, nashukuru. Nikujibu kwanza ndipo nieleze, ili usome mengine ukijua nimesimama wapi: iunge mkono, lakini usiende mikono mitupu. Nenda na dai moja, nalo ni ratiba. Nina maana ya karatasi iliyoandikwa, yenye namba ya kila njia, saa ya basi la kwanza, saa ya basi la mwisho, na dakika ngapi kati ya basi moja na linalofuata. Halmashauri ikikubali kuifunga kodi yake kwenye karatasi hiyo, ipigie debe nyumba kwa nyumba. Ikiwa wanachokuonyesha ni michoro ya vituo vya vioo na mabasi yanayong'aa, basi hofu ya jirani yako ina msingi, na ni haki yako kuuliza maswali mpaka wachoke.

Nimefanya kazi ya kupanga ratiba za mabasi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Kilichonifanya niichukulie kazi hiyo kwa uzito ni alfajiri moja nikiwa bado kijana, nilipotumwa kuhesabu abiria wa basi la kwanza. Lilitoka yadi saa kumi na nusu. Nilikaa nyuma ya dereva na fomu yangu ya mistari, safu ya waliopanda huku, safu ya walioshuka kule. Karibu wote walikuwa watu wa kazi: wafagiaji wa ofisi, wapishi wa hospitali, walinzi wanaokwenda kuwapokea wenzao waliokesha. Mama mmoja alishuka kwenye makutano ya njia mbili, akasimama chini ya taa, akatoa raba kwenye mkoba, akavua viatu vyake vya kazini na kuvifunga vizuri kwenye mfuko. Nikamuuliza dereva anafanya nini. Akaniambia basi la njia ya pili huanza saa kumi na mbili na robo, na yule mama anatakiwa awe ameshaanza kazi saa kumi na mbili kamili. Kipande kilichobaki hukitembea, kila siku, gizani.

Fomu yangu haikuwa na safu ya kumwandika. Kwa hesabu za ofisi, njia ile ya pili haikuwa na abiria hata mmoja kabla ya saa kumi na mbili na robo, na kwa kuwa haikuwa na abiria, hakukuwa na sababu ya kutuma basi mapema zaidi. Tangu siku ile, mtu akiniambia usafiri wa mji wake ni wa haki, huwa namuuliza basi la kwanza linatoka saa ngapi.

Sasa tuje kwa jirani yako. Usiende mkutanoni kumbeza, kwa sababu analosema ni kweli kwa nusu yake, tena nusu kubwa. Kodi inayowekwa juu ya manunuzi humbana zaidi mwenye kipato kidogo, kwani asiye na uwezo wa kuweka akiba hutumia kila anachopata. Chukua kaya mbili. Ya kwanza inapata 100 kwa mwezi na yote 100 inaishia dukani. Ya pili inapata 1,000, inatumia 500 na kuweka 500. Kodi ikiwa nusu ya asilimia moja, kaya ya kwanza italipa 0.5, ambayo ni nusu ya asilimia ya kipato chake chote. Ya pili italipa 2.5, ambayo ni robo tu ya asilimia ya kipato chake. Ukipima mzigo kwa nguvu za mbebaji, maskini amebeba mara mbili ya tajiri.

Hesabu haijaishia hapo, ingawa mabishano mengi niliyoyasikia mikutanoni huishia hapo. Ndani ya chungu, kaya ya pili imetia mara tano ya ilichotia kaya ya kwanza. Linalobaki ni kujua chungu hicho kinapakuliwa kwa nani. Kikipakuliwa kwenye basi ambalo kaya ya kwanza hulipanda asubuhi na jioni, siku sita kwa wiki, maskini ametoa kidogo akapokea kingi. Kikipakuliwa kwenye treni ya kifahari inayowatoa wenye magari vitongojini na kuwaingiza katikati ya mji, maskini amemlipia tajiri nauli. Kodi ni ile ile na kiwango ni kile kile, lakini tofauti ya matokeo ni mbingu na ardhi.

Mwambie jirani yako jambo jingine pia. Maskini analipia usafiri hata pale ambapo kodi haipo. Basi likija kila baada ya saa moja, anayefika kituoni bila kujua saa kamili husubiri nusu saa kwa wastani. Akibadilisha basi njiani, inaongezeka nusu nyingine, na mara nyingi nauli ya pili. Kwenda na kurudi, saa mbili za siku yake zimekwisha akiwa amesimama. Saa hizo hazina risiti, kwa hiyo hazionekani kwenye bajeti ya mtu yeyote, lakini ni saa ambazo mtoto alikuwa nyumbani peke yake, au ambazo zingeuzwa kwa mwajiri, au ambazo mtu angelala.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Atlanta, Marekani, kwa sababu pale watu waliokuwa na hofu kama ya jirani yako walikaa mezani wakaipatia hofu hiyo bei. Mwaka 1968 wapiga kura waliletewa mpango wa reli ya mji, ukaanguka. Viongozi wa Wamarekani Weusi hawakuwa wameshirikishwa ipasavyo kuupanga, na hawakuona watu wao wanapata nini. Mpango ukarudi mwaka 1971, safari hii ukitegemea kodi ya mauzo ya asilimia 1. Walijua fika kwamba kodi ya namna hiyo ingewaelemea watu wao. Hata hivyo waliamua kuidai kitu: nauli ya basi, iliyokuwa senti 40, ishuke hadi senti 15 na ikae hapo miaka 7, na mabasi yaboreshwe wakati reli bado inasubiriwa. Kura ikapita kwenye tundu la sindano katika kaunti za Fulton na DeKalb, na Machi 1972 nauli ikashuka kama ilivyoahidiwa.

Hebu piga hesabu hiyo kwa kidole. Mtu aliyepanda basi mara mbili kwa siku aliokoa senti 50 kila siku. Ili kodi ya asilimia 1 imnyang'anye senti 50 hizo, ingebidi anunue vitu vya dola 50 kwa siku, na mwaka 1972 hakuna mfagiaji aliyekuwa akitumia dola 50 kwa siku. Kodi iliyoonekana ya kuwakandamiza wenye kipato kidogo iligeuka nafuu mifukoni mwao, kwa sababu ya sharti moja lililowekwa kabla ya kura.

Kaunti mbili za jirani, Clayton na Gwinnett, zilikataa kodi mwaka huo huo. Clayton ilikuja kuanzisha mabasi yake yenyewe mwaka 2001, bila kodi maalumu ya kuyabeba. Bajeti ilipobana, tarehe 31 Machi 2010 yakasimama yote. Hapakuwa na kupunguza safari wala kufuta njia moja moja; watu walilala wakiwa na basi wakaamka hawana. Na Clayton si kijiji cha pembeni. Sehemu kubwa ya uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson, mmoja wa viwanja vyenye abiria wengi kuliko vyote duniani, iko ndani ya kaunti hiyo, na kazi za uwanjani huanza usiku wa manane. Wakazi walipoulizwa tena Novemba 2014, zaidi ya 7 kati ya 10 walisema ndiyo kwa asilimia 1 nzima, na Machi 2015 mabasi yakarudi. Miaka mitano ya kutembea na kuomba lifti iliwashawishi kuliko hotuba yoyote. Sipendi kuona mji mwingine ukijifunza kwa njia hiyo.

Kuhusu nani alipe, kama bado kuna nafasi ya kuibadili aina ya kodi, ifuatilieni nafasi hiyo. Ufaransa tangu mwaka 1971, kuanzia mkoa wa Paris, waajiri hulipa sehemu ya jumla ya mishahara yao kwa ajili ya usafiri wa umma. Siku hizi inawagusa wenye wafanyakazi 11 au zaidi, kwa hiyo fundi mwenye wasaidizi watatu haguswi, na katika mkoa wa Paris fedha hizo huzidi zile zinazotoka kwenye nauli. Vienna nayo ina tozo ya mwajiri tangu mwaka 1970, inayohesabiwa kwa kila mfanyakazi kwa wiki. Mwaka 2012 ilipandishwa hadi euro 2, na mwaka huo huo tiketi ya mwaka mzima ikashushwa hadi euro 365, euro moja kwa siku. London, ilipohitaji fedha za njia ya treni iitwayo Elizabeth, ilianza Aprili 2010 kutoza nyongeza ya kodi kwenye yale majengo ya biashara tu ambayo pango lake la mwaka lilikadiriwa kuzidi pauni 55,000, na wenye vibanda wakaachwa. Mantiki ni moja kote: mwajiri hufaidika mfanyakazi anapofika kwa wakati, na mwenye jengo hufaidika thamani inapopanda kwa sababu kituo kimejengwa mlangoni pake. Wachumi watakukumbusha kwamba sehemu ya kodi ya mwajiri hatimaye humwangukia mfanyakazi kupitia mshahara usiopanda. Ni kweli, lakini haiangukii yote.

Tatizo ni kwamba mara nyingi sheria huiachia halmashauri mlango mmoja tu, na mlango huo huwa ni kodi ya mauzo. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenu, ombeni chakula na dawa visiguswe, kisha mhamishie nguvu kwenye matumizi. Nimeona mipango mizuri ikifia mikononi mwa watu wema waliokuwa wakisubiri kodi isiyo na dosari.

Narudi kwenye ratiba, kwa sababu ndiyo itakayokupa meno mkutanoni. Chukua njia moja ambayo basi hutumia dakika 90 kwenda, kurudi na kumpa dereva muda wa kunywa maji. Ukitaka basi kila dakika 30 kwenye njia hiyo, unahitaji mabasi 3. Ukitaka kila dakika 15, unahitaji 6. Kila dakika 10, unahitaji 9. Kila basi likikaa barabarani saa 18 kwa siku, siku zote saba, linahitaji madereva watatu na zaidi, ukihesabu mapumziko ya wiki na likizo. Weka mafuta, matairi, fundi wa zamu ya usiku, mtu wa kuosha, bima. Hapo utaona kwamba kununua basi ni jambo la siku moja, na kuliendesha ni jambo la miaka zaidi ya kumi. Serikali kuu na wafadhili hupenda kutoa mabasi, kwa sababu basi hukatiwa utepe na kupigwa picha. Hakuna anayekata utepe mbele ya mshahara wa dereva wa mwezi wa arobaini. Nimetembelea yadi zenye mabasi ambayo bado yana plastiki kwenye viti, majani yameota kuzunguka magurudumu, kwa sababu fedha ya kuyaendesha haikuwepo. Pengo hilo ndilo linalofaa kuzibwa na kodi ya mji.

Waliolielewa hilo vizuri ni watu wa Seattle. Aprili 2014 kaunti nzima ya King, ambayo mji huo umo ndani yake, ilipiga kura ya kodi ya mabasi, ikashindwa. Novemba mwaka huo huo mji wenyewe uliwauliza wakazi wake peke yao, na zaidi ya 6 kati ya 10 wakakubali: kodi ya mauzo ya sehemu moja ya kumi ya asilimia, pamoja na ada ya dola 60 kwa mwaka kwa kila gari, kwa miaka 6. Mji haukwenda kujenga. Ulikwenda kwa shirika la mabasi la kaunti ukanunua saa za huduma, kama mtu anunuavyo kitambaa kwa mita: njia hii iongezewe safari za usiku, njia ile ipite kila dakika 10, hii iliyokuwa ikijaza kupita kiasi ipewe mabasi mawili zaidi. Mwaka 2015, robo tu ya kaya za mji ndizo zilizoweza kutembea dakika 10 na kufikia basi linalopita kila dakika 10 au chini ya hapo mchana kutwa. Kufikia mwaka 2019 zilikuwa kaya 7 kati ya 10. Miaka 6 ilipokwisha, mwaka 2020, wapiga kura waliulizwa tena, na karibu 8 kati ya 10 wakakubali. Angalia vitu viwili hapo: kodi ilikuwa na tarehe ya kufa, na kilichonunuliwa kilihesabika kwa dakika.

Katika eneo hilo hilo, Machi 2015 ilianza kadi ya nauli nafuu kwa wenye kipato kilicho chini ya mara mbili ya mstari wa umaskini wa taifa. Kilichonivutia hapo ni namna ya kuandikisha kuliko punguzo lenyewe. Kazi walipewa wale wale wanaowaandikisha watu bima ya afya na misaada mingine, kwa hiyo mtu haendi kuthibitisha umaskini wake upya kwenye dirisha jingine. Punguzo linalodai barua tatu na foleni mbili huwafikia wenye muda, na wenye muda si wale tunaowatafuta.

Utaulizwa kwa nini mabasi yasiwe bure kabisa. Dunkirk, Ufaransa, walifanya hivyo Septemba 2018 na abiria wakaongezeka sana. Lakini pale nauli ilikuwa ikilipia takriban sehemu moja ya kumi tu ya gharama, na tozo ya waajiri ilikuwa imeshabeba mzigo mkubwa. Ikiwa chungu chenu ni kidogo, mimi ningetanguliza basi la alfajiri na basi la usiku, kisha punguzo kwa wanaolihitaji. Basi la bure linalopita mara moja kwa saa bado linamwacha mtu kituoni.

Usije ukadhani kura ikishapita kazi imekwisha. Los Angeles, mwaka 1980, wananchi walikubali kodi ya nusu ya asilimia. Kwa miaka mitatu, kuanzia 1982, sehemu ya fedha hizo ilishusha nauli ya basi hadi senti 50, na abiria wakaongezeka kwa karibu asilimia 40. Muda ulipokwisha mwaka 1985, fedha hizo zikaelekezwa kwenye reli, nauli ikapanda, abiria wakapungua. Mwaka 1990 wakakubali nusu nyingine. Mwaka 1994 mamlaka ya usafiri ikataka kupandisha tena nauli ya mabasi na kuifuta tiketi ya mwezi, huku mabasi yenyewe yakijaa hadi watu kubanwa milangoni. Chama cha abiria wa mabasi kikaenda mahakamani kudai haki za kiraia, na mwaka 1996 yakapatikana makubaliano yaliyoibana mamlaka kwa miaka 10: tiketi ya mwezi ibaki, na msongamano ndani ya mabasi upunguzwe hadi kiwango kilichoandikwa. Walilipa kodi mara mbili, kisha wakalazimika kumtafuta hakimu ili wapate nafasi ya kusimama ndani ya basi. Laiti karatasi ile ya ratiba ingekuwepo tangu mwanzo.

Mama mkwe wako sasa. Magoti yake yatamsumbua kabla hajafika kwenye basi na baada ya kushuka. Ngazi ya basi, ukingo wa kituo, mtaro usio na daraja, kituo kisicho na benchi: hivyo ndivyo vinavyoamua kama mtu kama yeye anasafiri au anabaki nyumbani akisema mwezi huu anajisikia vizuri. Nashville walijifunza somo hili kwa gharama. Mei 2018 waliletewa mpango wa mabilioni wenye reli nyepesi na handaki chini ya katikati ya mji, wakaukataa kwa kishindo. Novemba 2024 wakaletewa mwingine, wa kodi ya nusu ya asilimia, wenye mabasi mengi zaidi, taa za barabarani zinazoyapisha, na njia za waenda kwa miguu zenye urefu wa maili 86, kama kilomita 138. Ukapita, takriban theluthi mbili wakiunga mkono. Nauona mpango wa pili kuwa wa haki zaidi, maana mtu anayeanza safari yake kwa miguu amehesabiwa ndani yake. Kwa hiyo kwenye orodha yako ya kudai, weka na vituo vilivyo njiani kuelekea kliniki.

Na wewe mwenye gari je? Barabara unayoitumia imejengwa kwa kodi, ikiwemo ya wasio na gari. Basi lililobeba watu 50 limeondoa mbele yako magari 30 au zaidi kwenye foleni. Stockholm walipoweka tozo kwa magari yanayoingia katikati ya mji, magari yaliyovuka mpaka huo yalipungua kwa karibu moja ya tano. Lakini la kujifunza kwao ni utaratibu: mabasi ya nyongeza yalianza Agosti 2005, tozo ya majaribio ikafuata Januari 2006, kura ya wananchi ikaja Septemba 2006. Watu waliona huduma, wakalipa, ndipo wakaulizwa, na wakakubali ingawa kabla ya majaribio wengi walikuwa wanapinga. Muulize diwani wako kama nanyi mnaweza kuonjeshwa njia moja au mbili kabla ya kodi kuanza kukatwa kikamilifu.

Mkutanoni, omba isomwe sentensi inayosema fedha hizi zitakaa kwenye akaunti yake. Isiposomeka, fedha zitaingia kwenye mfuko mkuu, na mfuko mkuu hauna kumbukumbu. Kisha uliza kama halmashauri inaahidi kutopunguza inachotoa sasa kwa mabasi. Hapa ndipo wengi hupigwa chenga: kodi mpya inaingia kwa mlango wa mbele, bajeti ya zamani inatoka kwa mlango wa nyuma, na huduma inabaki pale pale. Uliza kodi inakoma lini na nani atapiga kura ya kuirefusha. Uliza kama kamati ya kuikagua itakuwa na abiria wa kweli, wanaopanda basi kila siku, na kama itakutana saa ambayo basi bado linatembea. Ukijibiwa "hapana" kwenye akaunti na kwenye bajeti ya zamani, mimi ningepinga, tena kwa sauti, na kueleza nitakubali nini siku watakaporudi wakiwa wamerekebisha.

Kabla ya hapo una wiki tatu. Itumie siku moja ya kliniki: acha gari nyumbani, nenda na mama kwa basi, mtoke saa ile ile anayotoka yeye siku zote. Andika saa mliyofika kituoni, saa basi lilipokuja, mlisimama au mlikaa, mlibadilisha wapi, na alipumzika mara ngapi kutoka kituoni hadi mlango wa kliniki. Fanya hivyo hivyo mnaporudi. Mkutanoni, soma karatasi hiyo kama ilivyo, namba ya njia na dakika zake, kisha muulize mwenyekiti kodi ikipita namba zipi kati ya hizo zitabadilika, zitakuwa ngapi, na kuanzia mwezi gani. Uniandikie majibu watakayokupa, nami nitakuambia kama mabasi waliyoyahesabu yanatosha.